Siku moja ya makumbusho Iringa kwa gari la kulala: kipi kiingie, kipi kisubiri

SWALI: Mimi na mume wangu tuna Coaster tuliyoitoa viti tukaweka vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Likizo ya Juni tunatoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na watoto watatu, wa miaka 15, 11 na 7. Usiku wa kwanza tutalala Iringa, kwa shemeji yangu Kihesa. Kesho yake tunataka iwe siku ya makumbusho: Lugalo, Boma, Kalenga, Mlambalasi na Isimila, jioni tuone kimondo cha Mbozi, tulale Mbeya. Je, inawezekana? Huyu mdogo hataota fuvu la Mkwawa usiku? Na gari refu kama hili linapita huko?

JIBU: Kamwene, dada. Nianze na kimondo, maana ndicho kinachovuruga ratiba yote: kitoeni kwenye siku hiyo. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kimondo chenyewe hakiko Mbeya mjini. Kiko Ndolezi, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, zaidi ya kilomita 60 mbele ya Mbeya. Hata mngeviruka vituo vyote vya Iringa mkaondoka alfajiri, mngefika watoto wamechoka na hawataki kusikia habari ya jiwe lolote. Nitalirudia mwishoni.

Cha pili cha kutoa ni Mlambalasi, ingawa hiki nakitoa kwa shingo upande. Ndipo Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alipofia na ndipo lilipo kaburi la kiwiliwili chake. Pango la hapo limechimbuliwa na wataalamu wakapata mabaki ya binadamu wa Zama za Mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Lakini ni kama kilomita 50 kutoka mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mwisho wake si wa kupeleka Coaster yenye vyombo kabatini. Siku mkija na gari la juu, au mkienda Ruaha, mpitie.

Lugalo nayo isihesabiwe kwenye siku ya makumbusho, kwa sababu mtaipita siku moja kabla. Mkishapanda mlima Kitonga na kuiacha Ilula, mnara uko kando ya barabara kuu kabla hamjaingia Iringa. Simameni robo saa, isizidi. Waambieni watoto kwamba tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvizia hapa msafara wa kijeshi wa Wajerumani, wakamuua kamanda wake Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, pamoja na askari wake zaidi ya 200, wakateka bunduki na mizinga. Huyu wa miaka 15 bila shaka ameshasikia kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam. Hapa ndipo jina lilipotoka. Mkiianza hadithi barabarani siku hiyo, kesho yake mtaingia Kalenga mkiwa na swali tayari: Wajerumani walilipizaje?

Kwa hiyo vinabaki vitatu: Boma, Kalenga, Isimila. Najua vinaonekana vichache kwa siku nzima. Makumbusho za huku ni ndogo. Ukizipitia mbiombio kila moja unaimaliza kwa dakika ishirini, na mtoto anatoka akiuliza, "Ni hivi tu?" Utamu wake ni kwamba vitu vimewekwa palepale vilipotumika au vilipookotwa, na nusu ya unachokwenda kukiona iko nje ya jengo. Anayeingia ndani akasoma vibao, akapiga picha na kupanda gari, ameikosa hiyo nusu. Ndiyo maana nataka muwe na muda.

Boma muanze nalo asubuhi, na Coaster muiache hukohuko Kihesa. Mji wa Iringa uko juu ya kilima, mitaa ya katikati ni myembamba, na kuanzia saa tatu sehemu za sokoni zinajaa bajaji na mikokoteni. Chukueni bajaji mbili, mshuke mlangoni. Jengo ni la Wajerumani, la mwaka 1900. Lilianza kama hospitali ya jeshi, baadaye likawa la ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ndani mtapata maisha ya makabila ya mkoa huu na historia ya utawala wa kikoloni kwa mpangilio unaoeleweka hata kwa mtoto. Kazi yake kwenu ni kuwapa picha ya jumla. Kabla ya kutoka, wasogezeni watoto ukutani wapime unene wa ukuta kwa viganja, waulize kwa nini mtu ajenge hospitali ya namna hiyo kwenye nchi ambayo imetoka tu kupiganwa. Saa moja inatosha.

Mkitaka chai baada ya hapo, ulizeni Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza 2003, ambako mafundi na wahudumu wengi ni watu wenye ulemavu. Watoto wataona vitu vikitengenezwa, na mimi naihesabu hiyo kuwa makumbusho ya nne. Vikapu vya milulu vipo sokoni pia. Kwenye gari la kulala kikapu ni kabati, kwa hiyo nunueni vya kutumia, si vya kutundika.

Sasa Kalenga. Rudini Kihesa, chukueni gari, mfike kabla ya saa sita. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye ile barabara ya Ruaha. Hapa palikuwa na ngome ya Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ambaye wote tunamwita Mkwawa, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Wajerumani waliipiga kwa mizinga na kuiteka tarehe 30 Oktoba 1894, na hilo ndilo jibu la swali la Lugalo. Msitegemee kukuta maboma marefu yamesimama. Mwombeni mhifadhi awatoe nje awaonyeshe ngome ilipita wapi na mizinga ilipigwa kutoka upande upi. Wengi hawaombi, na yeye hawezi kuwalazimisha.

Jengo la makumbusho ni dogo. Kuna mikuki, ngao, bunduki, vitu vya nyumbani kwa mtwa (chifu), na ndani ya kioo kuna fuvu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wewe ulipo na wasiwasi, na ndipo pana mambo mengi ambayo vibao haviwezi kuyabeba.

Baada ya ngome kuanguka Mkwawa hakujisalimisha. Alipigana kwa kuvizia karibu miaka minne, huku Wajerumani wakiahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa kule Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Walimkuta amekufa, wakamkata kichwa, na kichwa kikaishia Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka katika kifungu cha 246 kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Hebu mwambie huyo wa miaka 15 afikirie: mkataba uliogawa mipaka ya Ulaya na kudai fidia ya vita ulikuwa na mstari mmoja kuhusu mtu wa Kalenga. Miezi sita ikapita, ikapita miaka thelathini na zaidi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuatilia hadi makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyokusanywa kutoka makoloni. Yakachujwa kwa vipimo, vikilinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kwa kutafuta lenye tundu la risasi. Lililochaguliwa lilirudi Kalenga mwaka 1954, akalipokea mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Mtaona mara moja udhaifu uliopo: vipimo vya kichwa na tundu la risasi si ushahidi wa mwisho, na wakati ule hakukuwa na kipimo cha vinasaba. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama lililorudi ndilo lenyewe. Mimi sioni sababu ya kuwaficha watoto wakubwa jambo hilo, wala sioni kwamba linapunguza chochote. Hata kama si lake, ni la Mwafrika aliyekatwa kichwa akasafirishwa kuwekwa kwenye rafu, na heshima anayostahili ni ileile. Mjadala huo uwe wa garini, mkishatoka. Ndani, ongeeni kama mlio msibani. Ulizeni kabla ya kupiga picha, na msimsimamishe mtoto mbele ya kioo atabasamu. Nimeona wazazi wakifanya hivyo mara nyingi na sijazoea.

Kuhusu mdogo wenu: kinachomtisha mtoto wa miaka saba mara nyingi ni kushtukizwa. Mwambieni tangu asubuhi, kwa maneno ya kawaida: leo tutaona fuvu la kiongozi wa zamani aliyekufa vitani, watu walilichukua wakalipeleka mbali sana, na ndugu zake wakalidai mpaka likarudi nyumbani. Kwa umri huo, hadithi ya kitu kilichochukuliwa kikarudishwa inaeleweka vizuri kuliko hadithi ya kifo. Mkifika mlangoni mpeni hiari. Akisema hataki, abaki nje na mmoja wenu, asibembelezwe wala asichekwe na wakubwa zake. Akiingia, msimpeleke moja kwa moja kwenye kioo. Mwanzeni na mikuki na ngao, aulize anachotaka, na fuvu likutwe njiani kama kimojawapo. Akiota, basi ameota. Watoto huota hata katuni.

Chakula cha mchana kuleni hapohapo kwenye gari lenu, ndiyo faida ya kuwa nalo. Mkipewa ulanzi, pombe ya mianzi, dereva apite mbali. Juni si msimu wake mzuri kwa vyovyote. Mianzi hugemwa zaidi wakati wa mvua, na ule mtamu wa siku ya kwanza ndio wenye sifa.

Kwenda Isimila itabidi mrudi mjini, mteremke hadi Ipogolo na kushika barabara kuu ya Mbeya. Ni kama kilomita 20 kutoka Iringa, kisha mnaiacha lami na kuingia njia fupi ya vumbi. Coaster inafika wakati wa kiangazi kama Juni. Masika ningewaambia muiache barabarani. Lengeni kufika saa tisa alasiri. Adhuhuri korongo lile halina kivuli cha maana, na jua likiwa utosini nguzo za udongo zinaonekana bapa, hazina uso. Kuanzia saa tisa kivuli kinaanza kuingia kwenye mikunjo yake, na hapo hata simu ya kawaida inatoa picha nzuri.

Watu wengi wanaokwenda Isimila wanazifuata hizo nguzo na kuyadharau mawe. Mimi ningefanya kinyume. Kabla ya kila kitu, palikuwa na ziwa la kina kifupi, na watu wa kale sana waliokuwa wakiishi na kuwinda kandokando yake. Ziwa likajaa mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka, likafunika zana walizoziacha. Baadaye kijito kikakata tabaka hizo na kuzifukua zana upya. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini alipita akaokota baadhi, na mwaka 1957 na 1958 ukafanyika uchimbaji mkubwa ulioongozwa na Clark Howell wa Marekani. Umri unaotajwa zaidi ni takriban miaka 260,000. Walikuwa binadamu wa kabla yetu, na walichonga mawe magumu ya aina mbalimbali, yakiwamo mylonite, kwazaiti na matale, kwa namna moja inayotambulika.

Baada ya chumba cha makumbusho, mwongozaji atawashusha korongoni, na akiwaruhusu kushika shoka la mkono, hiyo ndiyo dakika ya kupunguza mwendo. Mpeni kila mtoto alishike kwa zamu. Upande mmoja ni mnene na unajaa kiganjani, upande wa pili umechongoka. Apitishe kidole gumba pembeni taratibu atahisi vibonde vidogovidogo, kimoja upande huu, kinachofuata upande ule: kila kibonde ni pigo moja la jiwe juu ya jiwe. Mwambieni ahesabu mapigo. Halafu aligeuze atafute ni mkono upi linaukaa vizuri zaidi. Mtoto wa miaka 11 akifanya hivyo kwa dakika tano ataelewa Zama za Mawe kuliko kwa kusoma kurasa kumi za kitabu cha darasani. Mengine ni makubwa kiasi kwamba mkono mmoja hauwezi kuyanyanyua kwa kazi, na hakuna aliyetoa maelezo ya kuniridhisha ya kwa nini mtu ajichoshe kuyachonga. Waachieni watoto watoe nadharia zao.

Nguzo zenyewe ni udongo laini uliobaki umesimama kwa sababu juu yake kuna tabaka gumu linaloukinga na mvua kama kofia. Kofia ikianguka, nguzo haina maisha. Kwa hiyo hakuna kupanda, hakuna kuandika majina. Na kabla ya kurudi garini kagueni mifuko ya watoto, na ya baba yao pia. Kuondoa zana pale ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na jiwe likishatoka mahali pake linakuwa jiwe tu.

Malipo ya vituo vya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi, hivyo simu iwe na salio la pesa na chaji. Bebeni vitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni. Mwongozaji mlipeni asante yake tofauti.

Kwa gari: Kitonga mtaipanda wakati wa kuja, na Coaster iliyobeba maji, mitungi na vitanda si ile iliyotoka kiwandani. Simameni Ruaha Mbuyuni muipumzishe, mkague maji ya rejeta, mpande kwa gia ya chini nyuma ya lori bila hasira. Kuyapita malori kwenye kona zile ndiko kunakoua watu. Siku ya kurudi Dar, mteremko huo ushukeni kwa gia ileile mliyopandia, breki ziwe za kusaidia tu. Mtungi wa gesi ufungwe kabisa gari linapotembea. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wana tochi. Barabara hiyo ina mizani, ikiwamo ya Wenda; gari likizidi tani 3.5 linatakiwa kupima, na wengi waliogeuza Coaster kuwa nyumba hawajui uzito wake mpya. Pimeni Dar kabla ya safari, mtalala kwa amani.

Kulala: mkitoka Isimila saa kumi na moja, endeleeni mbele kama kilomita 30 hadi shamba la Kisolanza, upande wa Mafinga. Wasafiri wa magari makubwa wamekuwa wakilala pale miaka mingi, pana nafasi ya kugeuza gari, maji na vyoo. Pigeni simu kabla. Choo chenu cha kubebeka ulizeni kinamwagwa wapi kabla ya kukimwaga, hasa kama mnatumia dawa, kwa sababu dawa hizo huharibu kazi ya shimo la maji taka. Na tafadhali, Juni huku ni baridi kweli. Usiku maeneo ya Mufindi huweza kupata hata sakitu, umande ulioganda. Blanketi mbili kila mtu, soksi, na dirisha moja liachwe wazi kidogo. Msiingize jiko la mkaa ndani ya gari ili kupata joto, hata kwa nusu saa. Hewa yake haina harufu ya kukuamsha.

Siku ya pili ni ya barabara: Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole. Jipeni mchana kutwa, kwa sababu kutoka Uyole hadi Mbalizi peke yake msongamano unaweza kula muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Kimondo kiwe asubuhi ya siku ya tatu. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, urefu wa takriban mita tatu, na sehemu kubwa ni chuma, karibu asilimia 90, pamoja na nikeli. Dunia ya nje ilikijua mwaka 1930 kupitia mpima ardhi mmoja. Wakati huo kilikuwa kimezama ardhini. Udongo wa pembeni ukachimbwa ukaondolewa, ukabaki wa chini kama kitako, ambao baadaye uliimarishwa kwa saruji. Watoto watauliza shimo la kuangukia liko wapi. Hakuna linaloonekana, na maelezo ya kawaida ni kwamba kilianguka zamani sana hivi kwamba shimo limekwisha kufutika, au kilibiringika. Wakitazama kwa karibu wataona pia mahali watu walipokata vipande. Siku hizi kituo kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na pana jengo la maelezo, kwa hiyo saa moja na nusu inatosha. Mnaiacha lami kabla ya Vwawa na kuingia ndani kama kilomita 13. Mkimaliza, geuzeni mrudi Mbeya. Msiendelee Tunduma kwa udadisi wa kuona mpaka, kwa sababu foleni ya malori ikiwameza na Coaster hiyo hamtapata pa kugeuzia.